KUVUA KWENYE MAFUNJO: FIMBO IPI, MSHIPI UPI?



Kila mwaka mvua zikikatika na maji yakianza kurudi kwenye mkondo, naletewa swali lile lile: "Kaka, ninunue fimbo gani, na nailoni ya kilo ngapi?" Wengi wanaouliza wameshaangalia video za Wamarekani wakivua samaki wao aitwaye bass katikati ya majani, basi nao wanataka vifaa vile vile. Leo nalijibu hapa ili niwe naelekeza watu wasome. Na nalijibu kwa urefu maana si suala la starehe tu. Huku kwetu ukikosea kuchagua, ndoano inakwama kwenye mafunjo, na ikikwama mtu anavua viatu anaingia majini kuifuata. Majini kuna mamba.

Hili la mamba si jipya. Njia ya zamani ya misafara, ile ya Bagamoyo – Tabora – Ujiji, ilikuwa lazima ivuke Malagarasi. Mwaka 1871 Stanley alivuka pale akimtafuta Livingstone, akalipa hongo kwa mtawala wa Wavinza ili apewe mitumbwi, na wakati wa kuvusha wanyama mamba akamkamata punda wake mmoja, akaenda naye chini. Punda mwenyewe alikuwa anaitwa Simba! Leo tunapita juu ya Daraja la Kikwete lililokamilika 2015 na hatuoni kitu, lakini chini ya daraja mto ni ule ule.

Haya, twende kwenye mada.

TUNAVUA WAPI NA TUNAVUA NINI

Maji ya upande wetu karibu yote yana majani. Mto Ugalla unakwenda taratibu, unapita Ziwa Sagara na kuungana na Malagarasi kuelekea Tanganyika. Eneo lote la Malagarasi–Muyovozi liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu za dunia mwaka 2000, la kwanza kwa Tanzania, lenye hekta 3,250,000. Humo mna mafunjo, matete, yungiyungi na nyasi za mbuga. Hata karibu na mjini, ukienda Bwawa la Igombe, kingo zake nyingi zina nyasi.

Samaki wetu ni hawa. Kuna perege, akiwemo mmoja anayepatikana kwenye maji ya Malagarasi tu, wataalamu wakamwita kwa jina la mto wenyewe, Oreochromis malagarasi. Kuna kambale, ambaye akiachwa akue anapita mita moja. Na kwa walioko upande wa Sagara na Malagarasi, kuna kamongo.

Bass hayupo. Kwa Afrika Mashariki yuko Naivasha, Kenya, alikopelekwa mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya wazungu wapenda kuvua. Kwa hiyo ile mitego ya plastiki mnayoiona kwenye video, yenye umbo la chura na mjusi, imetengenezwa kwa samaki anayewinda kwa macho. Kambale anatafuta chakula kwa kunusa na kwa sharubu zake nane, tena zaidi usiku na kwenye maji ya tope. Yeye mpe minyoo, utumbo wa kuku, au hata kipande cha sabuni kama wanavyofanya wavuvi wengi wa kambale. Mtego wa plastiki wa bei kubwa hapa hauna kazi. Lakini kuna somo moja la wale jamaa ambalo linatufaa kabisa: mahali penye majani, fimbo na mshipi vinachaguliwa kwa kuangalia majani kwanza, samaki baadaye.

KWA NINI MAJANI KWANZA

Kambale wa kilo 3 kwenye maji meupe unaweza kumtoa kwa mshipi mwembamba sana. Unamwacha akimbie, anachoka, unamvuta. Kambale huyo huyo kwenye mafunjo hahitaji kukimbia mbali. Anahitaji mita moja tu. Akishazunguka shina la kwanza na la pili, huvuti samaki tena, unavuta mafunjo. Hapo mshipi unakatika, au ndoano inachomoka, au mnabaki mnavutana hadi jua linazama.

Kwa hiyo kazi ya vifaa vyako ni kumzuia samaki katika sekunde mbili za kwanza. Ukishindwa hizo, nguvu ya baadaye haikusaidii sana. Shikeni hilo, maana yote yanayofuata yanatoka hapo.

Na majani hayafanani. Mimi nayagawa mafungu matatu:

1. Yaliyosimama: mafunjo na matete. Mashina ni magumu, mshipi wowote hauyakati.
2. Yanayoelea: yungiyungi na magugu maji. Ni laini, ila ni mazito yakijikunja kwenye mshipi.
3. Yaliyo chini ya maji: nyasi zilizofunikwa mvua zilipojaza mbuga. Huzioni mpaka ndoano irudi na kichaka.

FIMBO

Naanza na ile ya bei ya chini kabisa, mwanzi, kwa sababu watu wanaudharau bure. Kwa perege kwenye matete, mwanzi wa mita 4 hadi 5 wenye mshipi uliofungwa, bila rili wala nini, unaishinda fimbo ya dukani. Sababu ni rahisi. Fimbo ya rili inarusha mbali, halafu samaki anavutwa kwa ulalo akipita katikati ya majani. Mwanzi mrefu unashusha chambo wima kwenye kijiwazi kati ya matete, na samaki akila unamnyanyua wima. Hapati nafasi ya kuzunguka shina lolote.

Halafu kuna faida ya pili ambayo kwangu mimi ndiyo kubwa. Mwanzi wa mita 5 unakuweka mita kadhaa nyuma ya ukingo. Hukanyagi maji, kwa hiyo unakaa mbali na mamba, na unaepuka kichocho pia, maana kichocho kinaingia kwa kupenya ngozi ukiwa kwenye maji yaliyotulia yenye konokono. Mwenye fimbo fupi analazimika kusogea mpaka vidole vya miguu viguse maji.

Namna ya kuchagua: chukua mwanzi uliokomaa, si ule mchanga wa kijani laini. Ukaushe kivulini kwa wiki kadhaa, ukiwa umelala au umening'inizwa usipinde. Ukianikwa juani haraka unapasuka. Na mshipi usiufunge kwenye ncha peke yake. Funga kwanza chini karibu na mkono, upitishe juu kwa kuuzungusha kwenye mwanzi, ukaze tena katikati, ndiyo umalizie kwenye ncha. Ncha ikivunjika, samaki bado yuko kwenye mshipi na mshipi uko mkononi mwako.

Udhaifu wa mwanzi ni kambale mkubwa. Hauna mshipi wa akiba. Akivuta kwa nguvu kuliko mwanzi unavyopinda, kitu kimoja lazima kikatike. Kwa kambale wa zaidi ya kilo 3 hivi, ndipo fimbo yenye rili inapokuwa na maana.

Ukienda dukani, angalia mambo matatu.

La kwanza ni inavyopinda. Shika mpini, mwenzako avute ncha taratibu. Kuna fimbo zinapinda zote kuanzia mkononi kama ufito mbichi, na kuna zinazopinda theluthi ya juu tu, huku chini zimekaza. Kwa mafunjo chukua hii ya pili. Ile laini ni tamu kwenye maji wazi, lakini wakati inapinda wewe humzuii samaki, na zile sekunde mbili zinapita.

La pili ni urefu. Mita 2.1 hadi 2.7 inatosha. Fupi kuliko hapo huwezi kuinua mshipi juu ya majani yaliyo mbele yako. Ndefu kuliko hapo, ikiwa ngumu, inachosha mkono.

La tatu ni ilivyotengenezwa. Zipo za faiba na zipo za kaboni. Faiba ni nzito kidogo ila inavumilia kugongwa, kukanyagwa na kufungwa kwenye baiskeli. Kaboni ni nyepesi na inakupa hisia nzuri, lakini ikipata ufa inavunjika ghafla. Tena kaboni inapitisha umeme. Mnajua radi za huku kwetu kuanzia mwezi wa 11. Ukisikia ngurumo, fimbo ya kaboni iweke chini, uondoke ukingoni. Na usipite nayo umeisimamisha chini ya nyaya za umeme. Kwa mtu anayeanza nasema nunua faiba.

MSHIPI

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea. Madukani utakutana na aina mbili kuu: nailoni ya uzi mmoja, na mshipi wa kusuka, ambao ni nyuzi nyembamba nyingi za plastiki ngumu zilizosokotwa pamoja. Mwanzoni tuweke sawa jambo moja, maana watu wanachanganya: nyavu za uzi mmoja, zile za timba, zimepigwa marufuku kwenye uvuvi Tanzania. Uzi huo huo mmoja ukiwa na ndoano si wavu.

Nailoni inanyumbulika. Ukiwa na mita 15 za mshipi nje na ukanyumbulika sehemu moja ya kumi tu, samaki kapata mita moja na nusu kabla fimbo yako haijamzuia. Kwenye maji wazi kunyumbulika huko ni rafiki yako, maana kunapokea mshtuko. Kwenye mafunjo, mita moja na nusu ni mashina matatu.

Mshipi wa kusuka haunyumbuliki kwa kiasi cha kuhesabika. Ukivuta, samaki anavutika papo hapo. Pili, kwa nguvu ile ile ni mwembamba: wa kilo 10 unakaribia nusu ya unene wa nailoni ya kilo 10. Wembamba huo unaufanya ukate bua la yungiyungi na nyasi laini kama kisu. Kwa hiyo kwa fungu la 2 na la 3 la majani, wa kusuka unashinda bila ubishi.

Kwa fungu la 1, yaani mafunjo na matete, mambo si rahisi hivyo. Shina gumu halikatiki kabisa. Mshipi wa kusuka unazama nusu kwenye shina na kung'ang'ania humo, wakati nailoni nene inateleza juu yake na pengine kuachia. Faida ya wa kusuka hapa ni moja tu, kumzuia samaki mapema. Kwa hiyo kwenye matete mazito usirushe mbali. Vua karibu, mshipi mfupi, fimbo ngumu. Ukifanya hivyo hata nailoni nene inatosha, na inakugharimu kidogo.

Nguvu kiasi gani? Mimi nashauri hivi:

- Perege kwa mwanzi: nailoni ya kilo 4 hadi 5.
- Kambale kwenye yungiyungi na nyasi: wa kusuka, kilo 15 hadi 20.
- Kambale kwenye mafunjo, karibu na ukingo: nailoni ya kilo 12 hadi 15, au wa kusuka kilo 20.

Paketi nyingi zinaandikwa kwa ratili za Kiingereza. Ratili 10 ni kama kilo 4.5, ratili 30 ni kama 13.6, ratili 50 ni kama 22.7. Muuzaji akikwambia "hii ni ya 30", muulize 30 za nini.

Halafu msiamini maandishi ya paketi. Kuna duka moja hapa mjini niliwahi kuuziwa nailoni iliyoandikwa kilo 15, na haikuinua hata lita 9 za maji. Kipimo chake kila nyumba inacho: ndoo ya lita 20. Lita moja ya maji ni kilo moja. Funga mshipi kwenye mkono wa ndoo kwa fundo lako la kawaida, weka lita 5, inua polepole kwa kijiti. Ongeza lita moja moja mpaka ukatike. Hiyo ndiyo nguvu halisi, tena pamoja na fundo, maana samaki naye anavuta pamoja na fundo.

FUNDO, KIPANDE CHA MBELE NA NDOANO

Fundo baya linaweza kula nusu ya nguvu uliyonunua. Kwa nailoni, zungusha mara 5 au 6, lowanisha kwa mate kabla ya kukaza, kaza polepole. Ukikaza kukavu, msuguano unaleta joto na nailoni inadhoofika pale pale. Mshipi wa kusuka unateleza, kwa hiyo upitishe mara mbili kwenye tundu la ndoano kabla ya kufunga.

Kambale hana meno ya kukata, lakini midomo yake ina ukanda wa vijino vidogo kama msasa. Akisugua kwa dakika tano, mshipi mwembamba wa kusuka unanyofoka uzi mmoja mmoja. Weka kipande cha mbele cha nailoni nene, nusu mita, cha kilo 20 au zaidi. Kwa kamongo hata hicho hakitoshi. Yule ana bamba za meno zinazokata mshipi, na kidole pia. Kwake weka kipande cha waya laini, na asiingizwe mkono mdomoni hata kama anaonekana kafa.

Ndoano kwa kambale iwe nene. Ukitumia mshipi wa kusuka wa kilo 20 na ndoano nyembamba ya perege, ndoano itanyooka kama pini. Kila kifaa lazima kilingane na mwenzake. Na breki ya rili ikaze vya kutosha kumzuia samaki, ila iachie kidogo kabla ya kufika nguvu ya mshipi. Theluthi moja ya nguvu ya mshipi ni kipimo kizuri cha kuanzia. Iwe na mizani ya kununulia nyama au ndoo yenye maji, unaweza kuipima nyumbani.

IKIKWAMA

Itakwama tu. Usivute kwa fimbo, utaivunja. Elekeza fimbo moja kwa moja kwenye mshipi, jaribu kulegeza na kutikisa. Ikigoma, zungusha mshipi kwenye kijiti na urudi nyuma taratibu kwa miguu. Mshipi wa kusuka usiuzungushe mkononi, unakata nyama mpaka mfupa. Ukikatika, umekatika. Ndoano moja na chubwi havijawahi kuwa na thamani ya mguu wa mtu.

Mshipi unaorudi nao usiutupe. Hauozi. Unabaki kwenye matete miaka na miaka ukinasa ndege, na eneo letu ndilo la korongo nyangumi, ndege ambaye watu wanapanda ndege kuja kumtafuta. Ng'ombe nao wanaokuja kunywa wanaumeza pamoja na majani. Kunja, tia mfukoni, kachome nyumbani.

Jioni usikae kwenye njia za viboko. Zinajulikana: ni mifereji iliyolimwa kutoka majini kwenda nchi kavu, majani yamelala pande zote. Giza likianza wanatoka, na hawatakuzunguka.

SHERIA NA PESA

Ugalla uliokuwa pori la akiba ulipandishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla mwaka 2019. Wazee wengi walizoea makambi ya msimu ya samaki na asali mle ndani. Najua maumivu yao, na hilo ni mada ya siku nyingine. Lakini kijana asikudanganye kwamba fimbo moja si uvuvi. Ndani ya mipaka ni kosa kuvua bila kibali. Vua nje ya mipaka, na ukate leseni halmashauri, Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 inataka hivyo. Zamani za misafara hongo lilikuwa ushuru halali wa kupita kwenye nchi ya mtu. Siku hizi neno hilo linatupeleka mahakamani. Lipa leseni, dai risiti.

Na mvua za kwanza zikishuka, kambale wanapopanda kwenye nyasi za mbuga kutaga, waacheni. Ni rahisi kuwakamata wakati huo, na ndiyo sababu yenyewe ya kuwaacha.

Kama pesa ni kidogo, panga hivi: kwanza ndoano nzuri na mshipi uliopimwa kwa ndoo, kisha mwanzi mrefu uliokauka, kisha fimbo ya faiba, rili iwe ya mwisho. Vijana wengi wanaanza na rili inayong'aa na kumalizia na nailoni ya kuokoteza. Samaki hajawahi kuiona rili. Anachokutana nacho ni ndoano, fundo na mshipi.

Wadau wa Usinge na Nguruka, nyie mnaoishi na Sagara mlangoni, ongezeeni hapo chini mnavyofanya. Hasa mafundo, maana kila kijiji kina lake.